Kurasa Kumi na Sita

Basi la Dar es Salaam liliingia stendi ya Shinyanga saa tano usiku, mwezi wa pili mwaka 2024, likashusha maboksi kumi yaliyofungwa kwa kamba za manila. Ndani yake mlikuwa na nakala 500 za riwaya yangu ya kwanza. Niliyapakia kwenye bajaji mbili, moja nikapanda mwenyewe, dereva wa ya pili nikamsihi aende taratibu kama aliyebeba mayai. Nyumbani Ngokolo umeme ulikuwa umekatika. Mama mkwe, tunayemwita Mayu, alikuwa macho, kakaa kwenye kigoda ukumbini, tochi mapajani. Alimulika boksi moja moja, akapapasa la juu, akaniuliza, "Ng'wana wane, ndivyo hivi vilivyokula mgao wa baba watoto?"

"Ndivyo, Mayu."

"Basi viingize ndani. Kilichokula mgao hakilali nje."

Wasiokaa ukanda wa dhahabu niwaeleze mgao ni nini, maana kitabu changu kilitoka humo kabla hakijatoka kwenye mtambo. Mume wangu ni mchimbaji mdogo huko Rwamgasa, mkoani Geita. Mawe yakipanda kutoka duarani, yaani shimoni, hujazwa kwenye mifuko, na mifuko hugawanywa pale pale: mwenye leseni anachukua yake, mwenye duara aliyelipia timba, chakula na pampu ya kunyonya maji anachukua yake, na walioshuka chini kwa kamba wanagawana inayobaki. Kila mmoja hupeleka ya kwake karashani ikasagwe, kisha mwaloni ikaoshwe, dhahabu ikamatwe kwa zebaki na kuchomwa. Hata mchanga uliokwisha kuoshwa hautupwi. Unaitwa marudio, na wenye plenti huununua wakautafutie chembe zilizosalia kwa sianidi. Duara linaweza kumeza miezi minane ya watu kumi lisiteme kitu. Mwishoni mwa 2023 la kina mume wangu lilitema. Aliuza dhahabu yake kwenye soko la madini, akaja nyumbani na fedha ya kutosha kuezeka nyumba yetu mpya, au kuchapa kitabu. Kwa vyote viwili haikutosha.

Sikuamua peke yangu. Mswada nilishaupeleka kwa mchapishaji mmoja, nikasubiri miaka miwili bila barua ya ndiyo wala ya hapana. Usiku ule tulikaa na baba watoto kwenye kuta zisizo na bati, nyota zinatutazama, nikamweleza kwamba hata mchapishaji akikubali, mwandishi atapewa mrabaha, sehemu ndogo ya kila nakala inayouzwa. Alinyamaza kidogo. Kwake yeye mrabaha ni kile serikali inachokata kwenye dhahabu, wakati ule asilimia 6, na asilimia 1 ya ukaguzi juu yake.

"Mrabaha analipwa asiyeshika sururu," akasema. "Wewe ndiye uliyeshuka chini. Mwenye duara unapewaje mrabaha?"

Sijawahi kusikia hoja iliyonyooka kuliko hiyo kuhusu kazi yangu. Neno ni lile lile, upande mmoja ni makato, upande wa pili ndiyo malipo yote ya aliyetoka jasho. Asubuhi alinikabidhi fedha. ISBN nikaipata Bodi ya Huduma za Maktaba, msanifu wa kurasa nikampata kwa simu, mpiga chapa nikampata kwa kuulizia. Nyumba mpya ikabaki kwenye lenta.

Maboksi yalipangwa chumba cha watoto, matano kwa mawili, godoro juu yake, yakawa kitanda cha kijana wetu wa mwisho mwenye miaka sita. Kila nilipopata mnunuzi, mtoto alinyanyuliwa, boksi likafunguliwa. Nilizunguka shule za mjini, nikaacha nakala chache kwenye duka la vifaa vya shule karibu na soko kuu, nikapanda mabasi ya Kahama na kuuza kati ya Tinde na Isaka. Kila mnunuzi nilimwandika jina na namba ya simu kwenye daftari. Bei ilikuwa shilingi 10,000. Mwishoni mwa Mei nilikuwa nimeuza 90.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilihitimu shahada mwaka 2014, na tangu hapo nimekuwa mwalimu wa kujitolea katika shule mbili za sekondari, nikiishi kwa posho itokanayo na michango ya wazazi. Ajira za serikali zilipotangazwa niliomba, kila mara. Wakati huohuo redio ilikuwa haiishi kusema jinsi lugha ninayofundisha inavyopaa. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilitangaza kuwa Kiswahili kitakuwa somo la hiari shuleni. Agosti 2019 nchi za SADC, zikikutana Dar es Salaam, zilikifanya lugha yao rasmi ya nne. Mwaka 2021 UNESCO ikakipa siku yake, tarehe 7 Julai. Kiswahili kilikuwa kimeshapanda ndege, mwalimu wake bado yuko Ngokolo anasahihisha insha kwa mwanga wa simu.

Nikajiandikisha kwenye kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, na nikaanza kutafuta kazi ng'ambo. Halikuwa wazo la ajabu kwa mtu wa Kanda ya Ziwa. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyetuandikia Rosa Mistika, alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Botswana katikati ya miaka ya 1990. Gabriel Ruhumbika, wa kisiwa hichohicho, amefundisha Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani. Nilikuwa nikiwataja hawa nyumbani kama mtu anavyowataja wajomba zake.

Mwezi wa nne mwalimu mwenzangu Mkenya alinitumia tangazo la shule moja ya binafsi Johannesburg iliyotaka mwalimu wa Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo. Walitaka wasifu, vyeti, video ya somo la dakika ishirini, na kazi yoyote niliyochapisha. Video tuliichukua sebuleni, binti yangu wa kidato cha pili akiwa ameshika simu na Mayu akiwa mwanafunzi. Kazi niliyochapisha nilikuwa nimemlalisha mtoto juu yake. Nikatoa nakala moja, nikaifuta vumbi, nikaipeleka posta kwa EMS. Ada ya posta ilikuwa kubwa kuliko bei ya kitabu mara kadhaa, na usiku huo tulikula matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa chai.

Jibu lilikuja Juni. Mkuu wa idara ya lugha, mama mmoja mwenye asili ya Mombasa, aliniandikia kwa heshima kubwa. Alisema kitabu kimemshika. Alisema amefika ukurasa wa 80, akafungua unaofuata, akajikuta amerudi wa 65. Akadhani ni mtindo wangu, akasoma tena kwa uvumilivu, na alipofika wa 80 kwa mara ya pili kitabu kikamtupa ukurasa wa 97. "Mwalimu," aliandika, "huyu dada tumemwacha na uchungu wa kuzaa, na mumewe kafukiwa duarani. Mtoto amezaliwa au la?"

Niliusoma ujumbe huo nikiwa jikoni. Ugali uliungua.

Tuliyafungua maboksi yote usiku huohuo, mimi na binti yangu, mtoto mdogo kalala kwenye mkeka. Vitabu havichapwi ukurasa kwa ukurasa. Karatasi kubwa ya mtambo huchapwa pande mbili, hukunjwa mara tatu, ikawa majani manane, kurasa 16, na kila kundi la namna hiyo ni fungu. Mafungu hupangwa kwa mfuatano, kisha hubanwa kwa gundi na kuvalishwa jalada. Mahali fulani kule Dar es Salaam mkono wa mtu ulichota fungu la tano mara mbili ukaruka la sita. Kurasa za 65 hadi 80 zilijirudia, za 81 hadi 96 hazikuwepo. Na hazikuwa kurasa za kupita tu. Ndiyo sura anayojifungua, sura niliyoiandika mara nne, nyingine usiku wa manane nikiwa na mimba ya huyu huyu wa miaka sita.

Kati ya nakala 408 zilizobaki, 212 zilikuwa na kasoro.

Kilichoniumiza zaidi ya hesabu hiyo ni daftari langu la wanunuzi. Watu 90, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepiga simu. Kesho yake nilianza kuwapigia mimi. Wengine walikuwa na nakala nzima. Mwalimu mstaafu mmoja wa Kitangili alisema aliona hadithi inarudi nyuma, akafikiri ndivyo vijana wanavyoandika siku hizi, akaona haya kuuliza. Wengine, nilisikia kwa namna walivyovuta pumzi, hawakuwa wamefika ukurasa wa 80.

Na palikuwa na nakala moja zaidi iliyotoka nyumbani ambayo haikuwa daftarini. Ya baba watoto. Aliichukua ya kwanza kabisa mwezi wa pili, akaenda nayo Rwamgasa, na baada ya wiki tatu akanipigia: "Mwalimu, nimekimaliza chote. Kizuri sana." Nilikuwa nimeyahifadhi maneno hayo kama mtu anavyohifadhi cheti. Nilimtumia ujumbe nikamwomba afungue ukurasa unaofuata wa 80, aniambie ni namba ngapi. Alijibu jioni. Neno lilikuwa moja tu: "65."

Sikumjibu kwa siku tatu.

Mpiga chapa alipopatikana kwenye simu alinitaka nirudishe nakala zote Dar es Salaam kwa gharama yangu, ndipo aone la kufanya. Sikuwa na fedha ya mzigo. Nilikuwa nimeahidi nakala 60 kwa shule mbili kwa ajili ya tarehe 7 Julai. Nilikaa kitako katikati ya vitabu vyangu, nikamkumbuka Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza kuandika hadithi yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili ili ipate kuchapwa, ikachapwa 1980, na yeye akafariki 1981 kabla vitabu havijamfikia mkononi. Miaka 35 ya kungoja. Nilimweleza Mayu habari hiyo huku nalia.

Mayu hajui kusoma. Enzi za kisomo cha watu wazima alihudhuria siku chache, akaacha kwa sababu ya ndama na mimba. Aliniacha nilie mpaka nikachoka, akachukua kitabu kimoja chenye kasoro, akakifungua pale pabaya, akakikunja nyuma kama mtu anayekagua pindo la kanga.

"Hivi vilivyozidi mnavitoa?"

"Tunavitoa, Mayu."

"Msiving'oe. Mkiving'oa na vyenzake vitafuata. Kateni, mwache ukingo wa kidole. Kiraka kinashonwa kwenye nguo, hakishonwi hewani."

Ndivyo tulivyofanya. Nakala moja nzima niliipasua kwa wembe, nikapata kurasa 16 safi za kutolea kopi. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inabeba kurasa nne za kitabu chetu, hivyo fungu zima ni karatasi nne tu zilizoingizwa moja ndani ya nyingine. Tabu ni kupanga ukurasa upi ukae na upi upande mmoja, ili zikikunjwa zifuatane. Mara mbili nilikosea, tukaharibu karatasi. Binti yangu, ambaye hesabu alikuwa anaichukia, alikaa na penseli robo saa akainua kichwa: "Mama, jumlisha. 81 na 96. 82 na 95. 83 na 94. Zote 177." Kuanzia hapo hatukukosea tena. Kopi zilikuwa pande 1,696, kwa shilingi 100 kila upande, jumla shilingi 169,600. Mayu aliuza magunia mawili ya mpunga wa jaruba lake, ule aliokuwa anautunza mpaka bei ipande Januari, akaniwekea fedha mezani bila neno.

Nakala 30 za mwanzo tuliziunga kwa gundi ya uji wa muhogo, kwa kuwa ilikuwa rahisi na unga ulikuwepo. Usiku mmoja panya walikula uji, na walipokula uji walikula na karatasi, kuanzia mgongoni mwa kitabu kuingia ndani. Sita hazikufaa tena. Ndipo tukahamia uzi. Sindano ya magunia ilichana karatasi, tukaiacha. Tukatoboa matundu matano kwa msumari mwembamba na nyundo, tukapitisha uzi wa nailoni kwa sindano ya kawaida, kwenda na kurudi, fundo ndani. Mimi nilikata, binti alikunja, Mayu alishona. Mikono iliyoshona magunia ya mpunga miaka arobaini ilikwenda kwenye karatasi kana kwamba imeifahamu siku zote. Na kwa kuwa herufi hazimpotezei muda, ndiye aliyekuwa mkaguzi wetu bora. Ukurasa wa 89 una nyota tatu katikati, pale usiku unapokwisha kwenye hadithi. Alilitafuta lile umbo. Kitabu chenye nyota kilikwenda kulia kwake, kisicho na nyota kilirudi kwangu.

Jioni moja aliniuliza nyota zile zinasema nini. Nikamsomea sura nzima, toka 81 mpaka 96, naye anashona. Nilipofika mtoto anapotoka na hapumui, uzi ulisimama. Nilipofika anapolia, ulianza tena. "Umeandika alivyozaliwa mume wako," akasema. Nilikuwa sijui. Hakuwa amewahi kunisimulia.

Karatasi tulizokata, zaidi ya 1,600, sikuwa na moyo wa kuzichoma. Jirani yetu anayekaanga karanga na kuuza stendi aliziomba, nikampa. Alizisokota pakiti. Wiki ya pili kijana wa bodaboda alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasalimia "Mwangaluka, mayu," salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa alasiri, kwa woga. Alikuwa amekula karanga pakiti nne kwa siku mbili ili apate karatasi nne tofauti. Alitaka kujua yule mtu wa kwenye duara alitolewa au alibaki. Nikamuuzia kitabu kizima. Baada yake walikuja wengine sita, siku tofauti, akiwemo askari mgambo mmoja na mama muuza dagaa aliyekuwa amezipanga karatasi zake kwa namba, zikiwa na mafuta ya karanga. Na yule jirani mwenyewe, mwishoni mwa mwezi, alirudisha zilizobaki. Alisema anashindwa kusokota, kila anayoishika anaisoma, karanga zinaungua.

Shule zilipata nakala zao 60 tarehe 5 Julai. Nakala ya Johannesburg ilikwenda tena kwa EMS, yenye mshono wa Mayu.

Baba watoto alikuja katikati ya Julai. Duara lilikuwa limejaa maji na pampu imeungua. Alitukuta sebuleni, karatasi kila mahali, mama yake ana uzi mdomoni. Alisimama mlangoni na begi lake. Nilimwambia karibu, nikampa maji ya kuoga, nikampa chakula. Usiku ndipo alipozungumza. Alisema alifika ukurasa wa 40. Alisema mgodini mtu ukitoka chini umechoka hata kijiko kinakushinda, na kwamba vitabu alivyovijua tangu ujana ni vya Musiba na Mtobwa, Willy Gamba na Joram Kiango, ukifungua tu mtu anakufa. Changu kilianza na mwanamke anachota maji. "Sikutaka kukuvunja moyo," akasema. "Wewe ulivyokuwa unasubiri kwenye simu." Nilimjibu kwamba afadhali angenivunja. Angenivunja mwezi wa pili, ningefungua boksi la pili mwezi wa pili. Hakuna aliyepaza sauti, watoto walikuwa wamelala, lakini maneno ya usiku ule yalikuwa mazito kuliko ya ugomvi wowote tuliowahi kugombana.

Agosti barua ya shule ilikuja. Walinitaka. Mkataba wa mwaka mmoja, kuanzia Januari 2025.

Nilidhani nitaruka. Nilikaa chini. Kulikuwa na pasipoti ya kutafuta, shilingi 150,000, yaani nakala 15 za kitabu. Maombi yalitaka cheti cha kuzaliwa cha mzazi, na baba yangu hana. Nilimfuata Maganzo, alikofanya kazi Mwadui ujana wake wote, nikamuuliza alizaliwa lini. "Mwaka aliokufa Williamson," akasema, kama walivyokuwa wanamwambia wazazi wake. Mwenye mgodi wa almasi wa Mwadui alifariki Januari 1958. Tukaapa kiapo kwa wakili kwa ushahidi wa kifo cha mtu mwingine. Vyeti vyangu vilitakiwa kuhakikiwa na SAQA, mamlaka ya sifa za elimu ya Afrika Kusini, na jina langu kuandikishwa SACE, baraza la walimu wao. Kila karatasi ilidai karatasi nyingine, na kila moja niliihesabu kwa nakala za kitabu. Nilikuwa nauza ili niondoke.

Baba watoto hakutaka niondoke. Alisema wazi, mbele ya mama yake, baada ya chakula. Watoto wadogo. Watu watasemaje. Mke kaenda nchi ya watu, mume yuko mgodini, nyumba imebaki na bibi.

Mayu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho kwenye ungo.

"Baba yako alikwenda Nyarugusu ukiwa unanyonya, akarudi unachunga ndama. Hakuna aliyeniuliza watoto wanabaki na nani. Walibaki na mimi. Wewe uko Rwamgasa mwaka wa saba. Watu wakiuliza tunawajibu, yuko kutafuta. Huyu naye anakwenda kutafuta. Au kutafuta kuna suruali?"

Hakujibiwa. Akapeta ungo, makapi yakaruka.

Baadaye, tukiwa nje kwenye kuta zetu zisizo na bati, mume wangu aliniuliza Johannesburg ni mji wa namna gani. Nilimweleza ninachokijua: kwamba dhahabu iligunduliwa pale mwaka 1886 na mji ukaota juu yake, na kwamba kampuni yenye mgodi mkubwa wa Geita ilikuwa na makao makuu huko kwa miaka mingi. Alitafakari. "Kwa hiyo dhahabu yetu inaijua njia," akasema. Siku iliyofuata aliondoka na boksi moja la nakala zilizoshonwa, kwenda kuziuza mwaloni Rwamgasa. Alipokuwa anafunga boksi nilimsikia akimuuliza binti yake kwa sauti ya chini ni zipi zenye kurasa zote. "Zote, baba," akamwambia. "Tumezihesabu."

Aliuza 19. Mbili alilipwa kwa kuku.

Alirudi tena Desemba, wiki ya pili. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, kivuko kilimchelewesha, akafika saa nne usiku ametota. Viza yangu ilikuwa bado haijatoka. Begi langu lilikuwa limefungwa pembeni ya maboksi mawili yaliyobaki, na mtoto mdogo alikuwa amehamia kitanda cha kweli. Umeme ulikatika tukiwa tunakula. Nilikwenda kulala. Nilipoamka kwenda kumfunika mtoto, nikaona mwanga sebuleni, ule mweupe wa tochi ya kichwani wanayoshukia nayo duarani.

Alikuwa ameegemea ukuta, kitabu magotini, midomo inacheza kidogo kama ya mtu anayesoma peke yake. Nilisimama gizani kwenye korido. Nilisikia jani likigeuzwa, na baada ya muda jingine. Halafu akasimama. Aliusogeza mwanga karibu, akapitisha kidole gumba polepole juu ya uzi wa nailoni, tundu la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la tano, kwenye ukingo tulioubakiza. Akageuza, akaanza ukurasa wa 81.